Je, Wajua Kwa Nini "Haba na Haba" Haitoki Kichwani?

Itamke taratibu: haba na haba hujaza kibaba. Midomo imefumba mara nne, kila mara kwa silabi ileile, ba. Pumzi ya h nayo imetoka mara tatu. Sasa sema: kiasi kidogo hatimaye hujaza chombo. Maana haijapotea, lakini nani atamrithisha mjukuu maneno hayo?

Kurudia konsonanti namna hii, walimu wa fasihi hukuita takriri konsonanti. Zikirudiwa irabu, ni takriri irabu.

Kiswahili, kama ndugu zake wa Kibantu, humpa msemaji takriri bila kuitafuta. Vikombe vyangu vyote viwili vimevunjika: maneno matano, yote yameanza na v, na msemaji analia vikombe vyake tu, hatungi shairi. Ni ngeli hiyo. Washairi wa Kiingereza cha kale ilibidi wazisake sauti hizo, maana nusu mbili za mstari wao zilifungwa pamoja kwa sauti za mwanzo wa maneno, palipokaa mkazo. Mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, na kwa maoni yangu ndiyo sababu mojawapo shairi letu likategemea zaidi vina, vya kati na vya mwisho.

Basi ufundi uko wapi, ikiwa sarufi inagawa bure? Uko pale kiambishi kinapokutana na mzizi. Tazama tena methali yetu. H ya haba ni ya neno lenyewe, lakini ile ya hujaza imeletwa na hu- ya mazoea. Weka "itajaza" uone methali inavyopwaya! Haraka haraka haina baraka nayo ni hivyohivyo: ha- ya haina ni ukanushi mtupu, ila imesimama sambamba na haraka utadhani wamezaliwa pamoja. Kisha raka inagonga mara tatu. Hilo ndilo linalonifurahisha kuliko yote.

Watoto hulichezea jambo hili kwenye vitanza ndimi: kale kakuku kadogo ka kaka kako wapi? Humo mna ka- ya udogo, inayosikika zaidi bara kuliko pwani, ka ya umilikaji, kaka mwenyewe, na ka- ya kako, inayomuulizia kifaranga alipo. Iseme mara tatu upesi, bila kupumua.