Mgeuko katika harakati za uhuru: maana yake, na mfano wa mizani ya pamba Mwanza

Mtumbwi wa tanga ukiwa katikati ya ziwa unaweza kupigwa na wimbi kubwa, ukayumba, ukaingia maji, abiria wakapiga kelele, kisha ukaendelea kwenda kulekule ulikokuwa unakwenda. Siku nyingine nahodha anageuza tanga kidogo tu, hakuna hata anayeshtuka, lakini baada ya saa moja watu wanaona wameiacha njia ya Ukerewe na wanaelekea Sengerema. Huo wa pili ndio mgeuko. Wimbi ni tukio.

Kwenye historia ya uhuru tunavichanganya hivi viwili kila siku. Mwanafunzi akiulizwa migeuko ya harakati za uhuru Tanganyika, anapanga tarehe kama shanga: 1954, 1958, 1961. Tarehe ni sahihi, lakini hazijibu swali. Mgeuko ni jambo ambalo likishatokea, mambo hayarudishiki yalivyokuwa, hata mwenye mamlaka akitaka kuyarudisha. Kwa hiyo kipimo chake ni kimoja: je, mkoloni angeweza kulifuta kesho yake na maisha yakaendelea kama jana? Kama angeweza, lilikuwa tukio, hata liwe kubwa namna gani.

Kwa kipimo hicho, mimi huanzia gulioni, kwenye mizani ya pamba.

Mkulima wa Usukuma mwishoni mwa miaka ya 1940 alivuna pamba yake, akaichagua safi na fifi, yaani nzuri na hafifu, akaifunga, akaipeleka gulioni kwa kichwa au kwa baiskeli. Huko alimkuta mnunuzi, mara nyingi mfanyabiashara wa Kiasia. Mizani ni ya mnunuzi, karani ni wa mnunuzi, daftari la mnunuzi, na fedha ziko mezani kwa mnunuzi. Bei ilipangwa na serikali, na hapo ndipo penye ufunguo wa jambo lote: kama bei haichezewi, wa kumpunja mkulima atamtafutia kwenye uzito. Ratili chache kila gunia, msimu mzima, wilaya nzima. Mkulima alijua anaibiwa, ila hakuwa na namba yake ya kuweka mbele ya namba ya karani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakaanza kuweka watu wao kwenye mizani. Hebu msomaji alione hilo kwa karibu. Kijana anayejua kusoma na kuandika amesimama kando ya mizani. Hana sare wala cheo cha serikali. Anayemlipa ni wakulima. Gunia linawekwa. Karani anataja uzito. Kijana naye anautazama mshale uleule na kuandika alichokiona. Hakuna bendera wala hotuba, lakini kuanzia hapo kauli ya karani si ya mwisho tena.

Mtu aliyesimama mbele ya juhudi hizo ni Paul Bomani, kijana aliyekuwa pia kiongozi katika Jimbo la Ziwa wa TAA, chama cha Waafrika kilichotangulia TANU, chama kilichokuja kuongoza harakati za uhuru. Kutoka kusimamia mizani, wakulima wakafika kwenye kununua pamba wenyewe kupitia vyama vya msingi, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaunganishwa Mwanza kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Wakaanza kumiliki na jineri, yaani viwanda vya kuchambua pamba. Kabla hata ya uhuru, karibu pamba yote ya Kanda ya Ziwa ilikuwa inapitia mikononi mwa ushirika.

Sasa lete kipimo chetu. Serikali ingeweza kuurudisha ushirika nyuma? Kwa karatasi, ndiyo, maana yenyewe ndiyo iliyouandikisha. Kwa kweli haikuwezekana. Maelfu ya watu walikuwa wamejifunza kuitisha mkutano, kumchagua mwenyekiti, kumuuliza mweka hazina fedha ziko wapi, na kumwondoa akishindwa kujibu. Ujuzi huo haufutwi kwa tangazo la mkuu wa wilaya. Ninaamini kabisa kwamba watu wa huku Usukumani walianza kujitawala kwenye pamba kabla ya kujitawala kwenye nchi, na inaniuma kuona jambo hili likipewa mstari mmoja kwenye somo la uhuru, tena chini ya kichwa cha habari cha uchumi.

TANU ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, na miongoni mwa waasisi wake walikuwamo watu wa Jimbo la Ziwa kama Saadani Abdu Kandoro na Lameck Bogohe. Kabla mwaka haujaisha, serikali ilikataza matawi ya TANU Usukumani, na marufuku hiyo ikadumu hadi 1958. Huu ni mfano mzuri wa tukio lenye sura ya mgeuko. Mtu angedhani harakati zingezimika. Hazikuzimika, kwa sababu kilichokatazwa kilikuwa jina la chama. Watu wenyewe waliendelea kukutana kwenye vyama vya msingi, na manung'uniko yalikuwa yaleyale: kodi ya mifugo, amri za kupunguza ng'ombe, sheria za kilimo zilizoshuka kutoka juu na faini nyuma yake.

Mwaka 1958 una migeuko miwili, na hutajwa zaidi ule wa Tabora. Januari mwaka huo mkutano mkuu wa TANU uliokaa huko uliamua kushiriki uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa kura tatu, yaani kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi waliuona mpango huo kuwa tusi, na Zuberi Mtemvu akatoka akaanzisha chama chake. Julius Nyerere alishikilia kwamba kususia ni kuwaachia wengine baraza. Uamuzi huo ukaja kuitwa Uamuzi wa Busara, na wagombea waliopata baraka za TANU wakashinda.

Mwingine ulitokea ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, Geita. Serikali ilitaka baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi, Wazungu na Waasia wapewe viti pamoja na Waafrika, katika wilaya ambayo karibu watu wote walikuwa wakulima na wafugaji Waafrika. Watu walikataa. Hawakuandika barua tu. Walikusanyika kwa maelfu, na wengi wakavuka maji hadi Mwanza kupeleka kilio chao kwa wakubwa wa jimbo. Leo ghuba hiyo unaipita kwa gari juu ya Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 hivi. Wao walikwenda bila daraja, wakijua wanakokwenda kuna polisi. Walitawanywa kwa nguvu.

Ukiangalia siku ile peke yake, utasema walishindwa. Lakini gavana mpya, Richard Turnbull, aliyechukua nafasi ya Edward Twining mwaka huohuo, aliachana na mpango wa kuyalazimisha mabaraza ya namna ile, na marufuku ya TANU Usukumani ikaondolewa. Serikali ilikuwa imeona kwamba wilaya nzima inaweza kugoma kutawaliwa, na kwamba haina askari wa kutosha kuisimamia wilaya ya namna hiyo siku zote, sembuse zikiwa kumi. Baada ya Geita mjadala kati ya serikali na TANU ulibaki wa uhuru utakuja lini na kwa utaratibu gani.

Kwa maana hiyo, tarehe 9 Desemba 1961 si mgeuko kwa kipimo tulichokitumia. Ndiyo siku kubwa kuliko zote, na anayeisherehekea ana haki. Ila tanga lilikuwa limeshageuzwa zamani. Siku bendera ilipopandishwa, Bomani alikuwa tayari waziri, na katika magulio ya Usukuma kulikuwa na misimu kadhaa ambayo aliyesoma mizani ya pamba ni karani aliyeajiriwa na wakulima.