Bibi Anaposema Hajambo: Tiba Shufaa kwa Wanawake Wazee Wenye Saratani

Bibi wa miaka 70 akiamkiwa wodini huitikia marahaba, na akiulizwa hali hujibu kwamba hajambo, hata kama usiku kucha hakupata usingizi kwa maumivu. Ndivyo alivyolelewa, na kulalamika mbele ya wanawe na wajukuu anaona ni kuwatia hofu na kuwaongezea gharama. Kwa hiyo sisi tunaotoa tiba shufaa hatuishii kwenye salamu. Tunamwomba atuonyeshe maumivu kwa mkono: ngumi iliyofumbwa ni kutokuwa na maumivu, vidole vitano ni maumivu yaliyopita kiasi. Si ajabu aliyesema hajambo akanyoosha vinne.

Tiba shufaa humpunguzia mgonjwa maumivu na adha nyingine za ugonjwa, pamoja na hofu na upweke, na haifai ingojewe mpaka matibabu mengine yashindikane. Hapa Tanzania saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake, na wengi hufika hospitali ikiwa imeshaenea. Hata hapo mionzi michache yaweza kukata damu na kupunguza maumivu.

Dawa ya maumivu makali inayoogopwa bure ni mofini ya maji. Nchini Uganda, ambako Dkt. Anne Merriman alianzisha shirika la tiba shufaa la Hospice Africa Uganda mwaka 1993, hutengenezwa humohumo nchini kwa unga wa mofini, maji na kihifadhi, kwa gharama ndogo. Ikitolewa kwa kipimo sahihi haiharakishi kifo. Mzee huanzishiwa kiasi kidogo, kwa kuwa figo zake huitoa dawa polepole, kisha huongezwa taratibu. Dawa hupimwa kwa bomba lisilo na sindano, naye akanywa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Dozi hiyo ya mwisho daktari anaweza kuiongeza maradufu ili mgonjwa alale hadi alfajiri. Kungoja maumivu yarudi ndipo anyweshwe ni kosa tunaloliona kila siku majumbani. Mofini hufunga choo, basi dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyohiyo.

Lipo jambo ambalo familia huona haya kulitaja, nalo ni harufu ya kidonda au ya uchafu unaotoka ukeni. Ndiyo inayomfanya bibi ajifungie chumbani, akatae wageni, aache hata kwenda msikitini au kanisani, huku watu wakidhani amekata tamaa ya kuishi. Kidonda cha saratani ya titi husafishwa kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, kisha muuguzi huelekeza namna ya kukinyunyizia vidonge vya metronidazoli, dawa ya kuua bakteria wanaoleta harufu, vilivyosagwa laini. Harufu ikipungua, mara nyingi mgonjwa mwenyewe ndiye huomba atandikiwe mkeka barazani.