Acha pua ya mbwa, tazama makucha yake

Huyu mteja wa juzi alikuwa wa tatu kuniletea hoja hii ndani ya mwezi mmoja. Alikaa, akaweka simu mezani, akaniambia kwa uhakika kabisa: "Wakili, kesi hii imekwisha. Gari lilikuwa limeegeshwa, mimi mwenyewe sikuwepo, na polisi wakalizungushia mbwa wa kunusa dawa za kulevya bila kibali. Huo ni upekuzi haramu." Akanionyesha na video ya mtu aliyemfundisha hivyo mtandaoni.

Si upekuzi. Nimetetea watu wa kesi za dawa za kulevya hapa Marekani miaka mingi, na ningefurahi kama jibu lingekuwa jingine. Lakini mteja anayeingia mahakamani akiegemea hoja hiyo anapoteza muda ambao tungeutumia kwa hoja zinazoweza kumwokoa. Hizo zipo, ila hazipo pale watu wanapozitafuta.

Msingi wenyewe nitaupitia haraka. Mwaka 1983, katika kesi ya Place, Mahakama ya Juu ilisema mbwa akinusa begi la abiria mahali pa wazi hajapekua kitu kwa maana ya Marekebisho ya Nne ya Katiba, yale yanayomlinda mtu dhidi ya upekuzi usio na msingi. Sababu waliyotoa ni kwamba mbwa haoni nguo zako wala barua zako. Anachofichua ni kimoja tu, kama kuna kitu haramu au hakuna, na hakuna mwenye haki ya faragha juu ya kitu haramu. Mwaka 2005 kesi ya Caballes, iliyotoka Illinois, ikaipeleka hoja hiyohiyo kwenye gari lililosimamishwa barabarani kwa mwendo kasi. Na kuhusu gari tupu lililoegeshwa, soma kesi ya Ludwig ya mwaka 1993. Askari wa doria ya mpakani alimpitisha mbwa kwenye maegesho ya moteli huko New Mexico, gari baada ya gari, bila kumshuku mtu yeyote. Mbwa akatoa ishara, yaani alionyesha kwamba amenusa dawa, kwenye buti la gari moja. Mahakama ya rufaa ya mzunguko wa kumi, moja ya mahakama za rufaa za shirikisho zilizogawanywa kwa maeneo, ikasema kunusa magari kwenye maegesho ya wazi si upekuzi, kwa hiyo hakuhitaji kibali, wala shuku, wala ruhusa ya mwenye gari. Na mbwa akishatoa ishara, polisi wana sababu za msingi za kufungua gari, na tangu kesi ya Carroll ya mwaka 1925 gari halihitaji kibali cha hakimu kama sababu hizo zipo.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera zaidi. Kila mtu anataja Rodriguez.

Rodriguez alisimamishwa Nebraska mwaka 2012 kwa kukanyaga bega la barabara. Askari alimaliza kila kitu, akampa onyo la maandishi, akamrudishia leseni yake. Kisha akamzuia ili amzungushe mbwa, ambaye muda wote alikuwa ndani ya gari la askari huyohuyo. Kuanzia onyo hadi ishara ya mbwa zilipita dakika saba au nane. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilisema haifai: shughuli ya kosa la barabarani ikiisha, huwezi kumshikilia dereva hata dakika chache kwa ajili ya mbwa, isipokuwa una shuku yenye msingi.

Ni hukumu nzuri na naitumia kila ninapoweza. Lakini sikiliza vizuri inachokilinda. Inamlinda mtu aliyeshikiliwa. Haisemi chochote kuhusu gari lililolala kwenye maegesho huku mwenyewe yuko kazini au kitandani. Hakuna aliyezuiwa, kwa hiyo hakuna dakika za kuhesabu. Mtu akiniambia "walikaa na mbwa pale nusu saa", namuuliza: nusu saa hiyo wewe ulikuwa wapi? Akijibu kwamba alikuwa ghorofani anatazama dirishani, Rodriguez haimsaidii.

Na kuna jambo wanaolitangaza jina la Rodriguez hawalisemi. Yeye mwenyewe hukumu haikumwokoa. Kesi iliporudi chini, mahakama ya rufaa ya mzunguko wa nane ilisema askari alifuata kwa nia njema sheria kama ilivyokuwa siku ile, na ushahidi ukabaki. Place, ambaye kesi yake ndiyo iliyofungulia mbwa mlango, ndiye aliyeshinda! Alishinda kwa sababu ya muda: begi lake lilishikiliwa dakika 90 likisubiri mbwa, na Mahakama ikaona hayo yamezidi kiasi.

Hapo ndipo mwenye gari lililoegeshwa anapaswa kutazama. Hata kama wewe hukushikiliwa, mali yako inaweza kushikiliwa. Polisi wakiegesha gari lao nyuma ya lako usiweze kutoka, au wakichukua funguo, au wakikuambia gari haliondoki mpaka mbwa afike, saa imeanza kuhesabu, na inahesabu kwa kipimo cha Place. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mteja ni "uliweza kuondoka na gari lako?" Mara nyingi hajui, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia jibu hilo lina thamani.

Swali la pili ni lilipoegeshwa. Katika kesi ya Jardines ya mwaka 2013, polisi wa Florida walimpeleka mbwa mpaka kwenye baraza ya nyumba, mbele ya mlango, na Mahakama ya Juu ikasema hapo wamepekua, kwa sababu baraza ni sehemu ya nyumba. Mwaka 2018, kesi ya Collins ikaongeza kwamba ile ruhusa ya kupekua gari bila kibali haimpi askari haki ya kuingia kwenye ua wa nyumba kulifuata. Pale ilikuwa pikipiki iliyofunikwa turubai kwenye njia ya kuingilia nyumbani. Kwa hiyo gari lililo barabarani ni hali moja, na gari lililo ubavuni mwa nyumba yako, ndani ya eneo lenye ukuta, ni hali nyingine kabisa. Maegesho ya pamoja ya majengo ya kupanga ndiyo yananinyima usingizi. Mahakama nyingi zinayaona kama mahali pa wazi. Maana yake, mwenye nyumba yake ana ulinzi ambao mpangaji hana, kwa gari lilelile na mbwa yuleyule, na sijawahi kusikia jaji akilieleza hilo kwa namna ya kuniridhisha.

Swali la tatu ndilo ninalolipenda. Je, mbwa aligusa gari?

Mwaka 2012, katika kesi ya Jones, polisi walibandika kifaa cha kufuatilia chini ya gari. Mahakama ya Juu ikasema kuigusa mali ya mtu kwa lengo la kupata habari ni upekuzi, hata kama faragha haikuingiliwa. Watu wakadhani hukumu hiyo ni ya vifaa vya kielektroniki tu. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa sita ikaitumia katika kesi ya jiji la Saginaw, Michigan, ambako maofisa wa maegesho walikuwa wakitia alama ya chaki kwenye matairi ya magari yaliyoegeshwa ili kujua yamekaa muda gani. Mahakama ikasema chaki hiyo ni upekuzi. Sasa kama chaki kwenye tairi ni upekuzi, makucha mawili kwenye mlango ni nini?

Mahakama ya juu ya Idaho ilijibu mwaka 2023 katika kesi ya Dorff. Mbwa aitwaye Nero alisimama kwa miguu ya nyuma na kuweka ya mbele kwenye mlango na dirisha la dereva. Majaji watatu kwa wawili wakasema huo ni upekuzi. Hawakusema kunusa hewa kuzunguka gari ni kosa. Walitofautisha mtu anayepita na kugusana na mkoba wako kwa bahati na yule anayeutia mkono.

Upande wa mashtaka hujibu kwamba mbwa aliruka kwa silika, askari hakumwamuru. Ziko mahakama zilizokubali jibu hilo, hata pale mbwa aliporukia ndani ya gari. Jibu hilo linanichosha. Tazama video yoyote ya mbwa akizungushwa: askari anatangulia, anapigapiga kwa mkono kwenye upenyo wa mlango, juu ya dirisha, kwenye boneti, na mbwa anafuata mkono. Amefundishwa kufuata mkono. Mkono ukipanda juu, mbwa atapanda pia. Kuiita hiyo silika ni kusahau mafunzo yote aliyolipiwa.

Kuhusu kuaminika kwa mbwa, kesi ya Harris ya mwaka 2013 ilisema vyeti na mafunzo kwa kawaida vinatosha, ila mshtakiwa ana haki ya kuvihoji. Basi vihoji, lakini usitegemee miujiza.

Nina shaka moja ambayo siwezi kuimaliza. Jengo lote hili limesimama juu ya sentensi ileile ya mwaka 1983, kwamba mbwa anafichua kitu haramu tu. Tangu mwisho wa mwaka 2018, sheria ya shirikisho inaruhusu bangi ya viwandani yenye THC, ile kemikali inayolevya, isiyozidi asilimia 0.3, na mbwa hapimi asilimia. Colorado, ambako bangi ni halali kwa watu wazima, mahakama ya juu ya jimbo iliamua mwaka 2019, katika kesi ya McKnight, kwamba mbwa aliyefundishwa kunusa bangi anapekua, kwa mujibu wa katiba ya jimbo hilo. Mahakama nyingi hazijafika huko. Nadhani mantiki inawadai wafike, lakini nimewahi kukosea kuhusu majaji.

Kwa hiyo kama gari lako limenuswa, usigombane na askari pale. Sema wazi kwamba hukubali lipekuliwe, kisha nyamaza. Siku hiyohiyo waombe wenye maegesho wakuhifadhie picha za kamera, maana mitambo mingi hujifuta yenyewe baada ya muda mfupi. Video ya kamera ya kifuani ya askari wakili wako ataidai.

Yule wa juzi tulikaa naye tukaitazama video ya maegesho mara nane. Askari anapiga mlango kwa kiganja, mbwa anapanda, makucha yanakaa kwenye kioo, ndipo ishara inatolewa. Jimboni kwake hakuna hukumu kuhusu makucha, wala ya kukubali wala ya kukataa. Ombi la kuuondoa ushahidi nimeshaliwasilisha. Karibu lote linahusu zile sekunde za makucha kwenye kioo, na kuhusu pua nimeandika sentensi moja.