Homa ya kila jioni na viungo kuuma si lazima iwe malaria

Wengi tumekua tukiamini kwamba homa inayopanda jioni, viungo vikiuma, ni malaria au taifodi iliyojificha. Wakati mwingine ni kweli. Lakini vipimo vya malaria vikirudi hasi mara kadhaa, kuongeza dozi ya dawa za malaria hakusaidii.

Upo ugonjwa adimu wa Still wa watu wazima: kinga ya mwili yenyewe huwasha uvimbe, bila maambukizi. Homa hufika nyuzi 39 au zaidi kisha hushuka, koo huuma, viungo huvimba, na vipele vya waridi huja na homa na kutoweka (kwenye ngozi nyeusi huonekana kwa shida). Hakuna kipimo kimoja cha kuuthibitisha. Daktari huondoa kwanza maambukizi na saratani, kisha hutazama feritini (protini ya kuhifadhi madini ya chuma, hupimwa kwenye damu), ambayo mara nyingi hupanda sana. Kipimo cha baridi yabisi kwa kawaida huwa hasi. Tiba huanzia dawa za kutuliza uvimbe, steroidi (zenye nguvu zaidi), hata methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili.

Nyumbani, andika joto asubuhi na jioni, vipele vipige picha, na omba majibu ya maabara kwa maandishi. Kipimo cha damu cha Widal peke yake hakithibitishi taifodi.