Je, wajua unaweza kuendesha mshale wa kompyuta kwa kibodi tu, bila mausi?

Mausi imezima ghafla, kazi hujaisevu, na mshale umeganda katikati ya skrini unakuangalia tu. Wengi hapo wanashikilia kitufe cha kuzimia wanaomba Mungu. Kumbe zile namba za upande wa kulia wa kibodi, ambazo wengine hata hatukumbuki mara ya mwisho kuzigusa, zinaweza kuusogeza huo mshale, zikakliki, zikakliki mara mbili, zikaburuta hata faili, na hakuna cha kudaunlodi maana kitu kimo ndani ya Windows tangu ile ya mwaka 1995.

Sasa inawezekanaje? Iko hivi: mshale sio mali ya mausi. Mausi yenyewe haijui kabisa mshale uko wapi, kazi yake ni kupeleka umbea tu, "nimesogezwa kidogo kulia, nimesogezwa kidogo juu, nimebonyezwa", basi. Anayeuchora na kuuhamisha ni mfumo endeshi, na yeye hajali umbea umetoka wapi mradi umemfikia. Kwa hiyo ukiuambia mfumo kwamba kuanzia sasa namba 6 ikibonyezwa ihesabike kama mausi imeenda kulia, unatii, na programu uliyofungua haitajua tofauti. Ndo maana pia kompyuta ikiwa imeganda yote, yaani hata kibodi haijibu, ujanja huu haukusaidii kitu.

Kwenye Windows shika Alt ya kushoto na Shift ya kushoto kwa pamoja halafu bonyeza Num Lock, kidirisha kitauliza kama unataka kuwasha Mouse Keys, kubali kwa Enter. Sasa ziangalie namba na 5 ikiwa katikati: 8 ni juu, 2 chini, 4 kushoto, 6 kulia, na zile za pembeni 7, 9, 1 na 3 zinaenda mshazari. 5 ni kukliki. Alama ya kujumlisha ni kukliki mara mbili. Ukibonyeza na mshale hausogei, cheki Num Lock kwanza kabla hujalaumu kibodi, mara nyingi tatizo liko hapo.

Kuna sehemu inachanganya watu, kukliki kwa kitufe cha kulia. Unabonyeza alama ya kutoa, hakuna kinachotokea, unadhani imegoma. Haijagoma, umeiambia tu kwamba 5 kuanzia sasa ni kitufe cha kulia, na itabaki hivyo hadi ubonyeze ile alama ya mkwaju (/) kurudi kushoto. Kuburuta nako ni hivyohivyo kwa awamu: 0 inashika kitu, unasogea nacho, nukta inakiachia. Ukisahau nukta utazunguka na faili skrini nzima kama kupe.

Utaona pia mshale unaanza polepole halafu unakimbia. Mkono ukisukuma mausi, mausi inaripoti umesukuma kiasi gani, lakini kitufe kinajua mambo mawili tu, nimebonyezwa au nimeachiwa, kwa hiyo mfumo unalazimika kubuni umbali wenyewe, ukigusa mara moja unasogea kidogo sana na ukishikilia unaongeza kasi. Kasi hiyo unaibadilisha kwenye setingi. Na binafsi naona hapo ndo kibodi inaipiga mausi, maana ukitaka kuhamisha picha nukta moja tu ya skrini, mkono utatetemeka, kitufe hakitetemeki.

Na kwa kweli walengwa hawakuwa sisi wenye mausi mbovu. Ilitengenezwa na Trace Center, kituo cha utafiti ambacho wakati huo kilikuwa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kwa ajili ya watu ambao mikono inatetemeka au haiwezi kushika mausi, kisha Microsoft ikaiingiza kwenye Windows 95.

Wa Mac nao wanayo, iko kwenye setingi za ufikivu, na uzuri wake haidai zile namba za pembeni ambazo laptopu nyingi hazina: 7, 8, 9, U, O, J, K na L zinazunguka herufi I, na I ndo ya kukliki. Wa Windows mwenye laptopu isiyo na namba za pembeni hapo ana shida kidogo, atafute kibodi ndogo ya namba ya kuchomeka kwa USB, au atumie Tab na Enter, na Shift pamoja na F10 pale anapotaka ile menyu ya kliki ya kulia.

Ukimaliza rudia zile Alt, Shift na Num Lock kuizima, la sivyo kesho utajaza hesabu kwa zile namba, hakuna hata moja itakayotokea kwenye skrini na mshale utakuwa unatembea tu.