Taya nyembamba, kiti laini na mengine tunayodanganywa kuhusu vifaa vya baiskeli

Baiskeli Kisumu ni chombo cha kazi. Alfajiri inabeba mikate, baadaye samaki kutoka Dunga, jioni mtoto wa shule. Jumamosi wanatokea jamaa waliovaa nguo za kubana, wanaipandisha mlima wa Riat kupimana miguu. Wote hawa wananunua vifaa kwa mafundi walewale na wanapewa ushauri uleule, ambao mara nyingi unamfaa muuzaji kuliko mnunuzi. Nianze na taya, yaani tairi, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotelea.

Dhana: Taya nyembamba, iliyojazwa upepo hadi ikawa ngumu kama jiwe, ndiyo yenye kasi.

Hata mabingwa wa Ulaya waliamini hivyo kwa miaka mingi, wakishindana kwa taya za milimita 23. Leo wengi wao wanatumia 28 na zaidi, na hao wako kwenye lami nzuri. Ukweli ni kwamba upepo ukiwa sawa, taya pana hugusa barabara kwa eneo fupi, kwa hiyo haibonyei sana inapozunguka na haili nguvu nyingi. Kwenye lami iliyobanduka au murramu, taya ngumu inarukaruka, na kila inaporuka nguvu uliyoitia kwenye pedeli inaishia kukutikisa mgongo badala ya kukusogeza mbele. Wanaoshiriki Migration Gravel Race, mashindano ya Maasai Mara yaliyoanza 2021, wanajua kwamba kule taya nyembamba ni kujitafutia pancha.

Ile namba ya upepo iliyochorwa ubavuni mwa taya ni kikomo. Si lazima uifikie. Mtu wa kilo 60 asiye na mzigo hahitaji upepo wa mtu aliyefunga gunia la makaa kwenye karia. Na hata huyo wa gunia, taya ya nyuma ndiyo inayohitaji kuongezwa zaidi, kwa sababu ndiyo inayobeba.

Dhana: Ishirini na sita ni ishirini na sita.

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Mtu anatumwa dukani na namba moja tu ya taya kichwani, 26, analipa, anarudi kwa fundi aliyeketi kando ya barabara. Fundi anaingiza mpini wa kijiko, anaongeza kijiko cha pili, anavuta mpaka mishipa ya shingo inamtoka, kisha anaitupa taya chini: "Bosi, hii haiingii." Haiingii kweli. Taya ya 26 x 1⅜ imetengenezewa rimu yenye kipenyo cha milimita 590, ilhali 26 x 1.95 ya baiskeli za milimani ni ya rimu ya 559. Tofauti ya milimita 31 hailazimishwi kwa vijiko. Black Mamba, zile baiskeli nzito za kubebea mizigo, nazo zina 28 x 1½, rimu ya 635, na mwenye duka anaweza kukupa 28 ya baiskeli za kisasa ambayo ni ya 622. Cha kushangaza, hiyo 622 ndiyo hiyohiyo inayouzwa kama 29 kwa baiskeli za milimani.

Dawa yake ni kusoma maandishi madogo ubavuni mwa taya kuukuu, yaliyoandikwa mathalan 50-559. Namba ya kwanza ni upana, ya pili ni rimu. Ya pili ndiyo isiyobadilika. Ipige picha kwa simu kabla hujaenda soko la Kibuye.

Dhana: Helmeti ni ya wanamashindano, na yoyote ya mtumba inatosha.

Wanamashindano wenyewe walilazimishwa. Shirikisho la baiskeli duniani, UCI, lilifanya helmeti kuwa lazima mwaka 2003, baada ya Andrei Kivilev wa Kazakhstan kufariki kwa kuanguka kwenye mashindano ya Paris–Nice, Ufaransa, bila helmeti. Kuhusu mtumba, povu la ndani limeundwa libonyee mara moja tu, na likishabonyea haliokoi tena, hata ganda la nje likiwa linang'aa. Historia ya helmeti ya mtumba huijui. Mpya ya bei ya chini inayokukaa vizuri, ukingo wake vidole viwili juu ya nyusi, inaishinda ya jina kubwa iliyokwisha kuanguka. Ile ya pikipiki iachie pikipiki. Kwa joto la Kisumu utaivua kabla hujafika Kondele.

Dhana: Nikivaa rifleta, taa ya nini?

Rifleta hurudisha mwanga ulikotoka. Gari linaloingia barabarani kutoka kando bado halijakumulika, kwa hiyo dereva haoni kitu. Jua letu linazama kabla ya saa moja jioni mwaka mzima, na kiza hakichelewi kufuata, saa ambayo watu wanatoka kazini. Taa nyekundu nyuma, nyeupe mbele, kisha rifleta, hasa za kwenye pedeli, kwa kuwa zinapanda na kushuka na jicho la dereva linazinasa upesi.

Dhana: Kiti laini na kipana hakiumizi.

Kwa safari ya kwenda sokoni ukiwa umeketi wima, sawa. Ukienda Maseno na kurudi, ule ulaini unazama chini ya mifupa ya makalio na kukubana katikati. Kabla ya kununua kiti kingine, rekebisha urefu wa ulicho nacho: kisigino kikiwa kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka.

Dhana: Ng'oa madigadi na karia, baiskeli iwe nyepesi.

UCI hairuhusu baiskeli ya mashindano iliyo chini ya kilo 6.8, na huko gramu zina bei. Kwako wewe, lita moja ya maji ni kilo nzima. Bakisha madigadi. Pesa ya kutafuta wepesi nunua breki: rimu ya chuma ikilowa mvua ya alasiri, breki hushika kwa kuchelewa sana, na mteremko wa Riat haungoji. Rimu ya aluminiamu hushika vizuri zaidi ikiwa na maji.

Dhana: Cheni hubadilishwa ikikatika, na oili chafu ya gari inaitosha.

Oili hiyo inakusanya mchanga, na mchanga unasaga cheni na meno pamoja. Tumia oili nyepesi, tone moja kila kiungo, kisha ifute nje kwa kitambaa. Kupima uchakavu, rula ya shule yenye inchi inatosha. Weka sifuri katikati ya pini moja na uhesabu pini 24 mbele. Cheni mpya itafika inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, nunua cheni. Ikizidi kwa 1/8, andaa na pesa ya meno ya nyuma.