Kumuuguza Mzazi Anayepoteza Kumbukumbu: Maswali ya Mtunzaji Aliyechoka

Swali: Mama ana miaka 78. Ananiuliza jambo lile lile mara kumi, na juzi kasema nimemwibia vitenge. Namkaripia, kisha nalia. Nimekuwa mtoto mbaya?

Jibu: Hapana. Hasira hiyo huwapata wengi wanaouguza mzee mwenye dimenshia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Jibu ulilompa dakika mbili zilizopita halikubaki kichwani, kwa hiyo kwake kila swali ni la kwanza. Vitenge kavificha mwenyewe, kasahau, na akili inamshuku aliye karibu, yaani wewe unayemwogesha kila siku. Usiape kwamba hukuiba. Ubishi unamtia hofu zaidi. Sema, "Pole mama, hebu tuvitafute wote," angalieni pamoja chini ya godoro na ndani ya foronya, kisha mpe kazi ya mikono kama kuchambua mchele. Damu ikikuchemka, hakikisha ameketi salama na jiko limezimwa, toka nje dakika tano. Vuta pumzi ukihesabu hadi 4, itoe polepole ukihesabu hadi 6, rudia mpaka mabega yalegee.

Swali: Halali usiku, nami silali. Jirani kanishauri nimpe piriton, ile dawa ya mzio.

Jibu: Usimpe. Inasinzisha kweli, ila kwa mzee huongeza kuchanganyikiwa, huleta kufunga choo na huweza kuzuia mkojo. Valiamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, nayo humpepesusha akiamka kwenda msalani, na hapo ndipo nyonga huvunjika. Usiku wake hutengenezwa mchana: akae juani asubuhi, asilale mchana zaidi ya nusu saa, na chai ya rangi au kahawa iishie saa 8 mchana. Maji anywe ya kutosha mchana, ayapunguze kuanzia saa 12 jioni. Mpeleke chooni kabla ya kulala, mvalishe pampasi ikibidi, acha taa hafifu. Akiendelea kukesha, mweleze daktari. Huenda ana maumivu asiyoweza kuyataja.

Swali: Ndugu zangu wanatuma hela tu.

Jibu: Hela hailali kwa niaba yako. Itisheni kikao, hata cha simu, na usiseme "nisaidieni", maana kila mtu ataitikia na hakuna atakayekuja. Andika kazi moja moja: dawa, kuogesha, kliniki, kufua, usiku. Kila kazi iwe na jina la mtu na siku yake. La kwanza kudai ni usiku mbili kwa wiki ulale chumba kingine. Asiyeweza kuja alipe mtu wa zamu.

Swali: Nitajuaje kwamba huu si uchovu tu?

Jibu: Huzuni, au kutofurahia chochote, karibu kila siku kwa wiki mbili ni dalili ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, nayo hutibika. Nenda kituo cha afya ujieleze wewe, si mama. Ukiwaza kujidhuru, au ukiwa umempiga au unakaribia kumpiga, mwite mtu akae naye na uende siku hiyo hiyo.

Swali: Jana alinitambua, leo anaweweseka. Ndiyo ugonjwa unazidi?

Jibu: Dimenshia kwa kawaida huzidi polepole. Mabadiliko ya saa au siku chache huashiria kitu kingine: maambukizi ya mkojo, nimonia, malaria, upungufu wa maji, sukari kushuka kwa anayetumia dawa za kisukari. Mpeleke hospitali leo, na ubebe dawa zake zote, hata zile za mitishamba.